Bunju Iliwekwa Mwisho

Temeke, Jumatatu, Machi 3, 1952

Leo kiwandani ameanza kazi Mzungu mpya, Bwana Hollis. Meneja alimkaribisha mbele yetu makarani akasema huyu hakuja kuamuru mtu, amekuja kupanga. Ni mwembamba, anakohoa, na wakati wa vita alikaa ofisini kwao akipanga kwa hesabu misafara ya meli, ipi ipite wapi na ibebe nini, ili zifike nyingi na zizame chache. Sasa kampuni imemwajiri kwa msimu huu ili afanye hayo hayo kwa malori yetu.

Kampuni yetu ipo kando ya Barabara ya Pugu. Tunasaga unga na kupika sabuni, na tuna makambi matatu ya vibarua: machimbo ya udongo mweupe Pugu, shamba la mkonge nyuma ya vilima vya Kisarawe, na tanuri za chokaa Bunju, njia ya Bagamoyo. Mimi ndiye karani wa usafirishaji. Posho ya kila kambi hupita mikononi mwangu, na kila kinachotoka kambini kuja mjini pia.

Bwana Hollis aliniita mezani kwake, akachora viduara kwenye karatasi kubwa: hiki kinu, hiki Pugu, hiki mkonge, hiki Bunju. Kati ya viduara akapiga mistari ya njia. Akaniuliza kila mstari unapitisha mzigo gani, kwa gharama gani, na lori linarudi na nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali hayo. Nilijibu mpaka koo likakauka. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha kama ya mwanafunzi.

Jumapili, Machi 9

Dada yangu Tekla amekuja kutoka Bunju juu ya lori la chokaa, yeye na binti yake Demetria, wote weupe kwa vumbi mpaka nyusi. Mume wake, shemeji yangu Gaspar, ni nyapara wa tanuri kule. Tumesali pamoja, kisha Bi Mwamvita, mwenye nyumba ninamopanga, akawapikia wali wa nazi. Demetria anajifunza kutamka herufi ya r. Siku nzima alikuwa akiniita "mjomba lori" kwa kuwa ndiyo maneno anayoweza, na Bi Mwamvita amecheka hadi akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Tekla analalamikia unga wa bohari ya Bunju. Unakaa mno, una fukusi. Nikamwambia asubiri kidogo, mambo yanabadilika.

Ijumaa, Machi 14

Joto. Hesabu tangu asubuhi. Hakuna jingine.

Alhamisi, Machi 20

Mpango umekubaliwa. Nitauandika ulivyo, maana najivunia kuwa nimeshiriki.

Zamani lori lilipeleka unga Bunju likiwa limejaa, likarudi tupu. Kisha lingine likaenda tupu kufuata chokaa. Sasa lori ni lile lile: linakwenda na unga, linarudi na chokaa. Makambi yote hivyo hivyo. Na kwa kuwa lori litafika kila wiki, hakuna haja ya kuweka unga wa miezi kambini uliwe na wadudu. Bohari ya Bunju inafungwa. Kila kambi itakuwa na chakula cha wiki moja na siku chache za tahadhari, basi. Hizo siku chache Bwana Hollis alizipata kwa kuangalia malori yamekuwa yakichelewa kiasi gani kwa wastani.

Madereva wamefurahi. Marijani, dereva wa njia ya Bunju, Mzaramo wa Mtoni, mtu wa mizaha asiyenivutia sana, alisema sasa mgongo wake utapumzika. Hata Gaspar alituma salamu za kushukuru. Sikusikia sauti ya mtu mmoja iliyopinga, na yangu ilikuwa ya kwanza kusifu.

Jumatano, Machi 26

Mvua ya kwanza ya masika. Bati la Bi Mwamvita linavuja juu ya kitanda changu.

Jumatano, Aprili 2

Meneja amempa Bwana Hollis mkono mbele ya watu. Mafuta tunayotumia yamepungua, chokaa inayofika mjini imeongezeka. Bwana Hollis alinigeukia akasema kwa Kiingereza kuwa nusu ya kazi ni ya Audax, yaani yangu. Meneja hakusikia, au alijifanya hakusikia. Mimi nilisikia.

Jumanne, Aprili 8

Mvua mchana kutwa. Marijani amekwama Mbezi akatolewa na wanakijiji.

Ijumaa Kuu, Aprili 11

Nilikuwa nimerudi kutoka kanisani Marijani aliponikuta barazani, amelowa, hana mzaha wowote. Amesema daraja la Tegeta limekwenda. Halikupasuka, halikuinama, limekwenda lote na maji, na nguzo hazionekani. Yeye alikuwa anarudi mjini na chokaa, akavuka, na nyuma yake maji yakapanda. Lori letu la pili, lililokuwa limemfuata, limebaki upande wa Bunju.

Nikamuuliza njia ya kaskazini, kwa Bagamoyo. Akasema Mto Mpiji nao umefurika. Bahari je? Akaniambia nitoke nje nisikilize upepo. Hakuna nahodha atakayetia chombo majini wiki hii.

Kwa hiyo Bunju imezingirwa na maji. Nimejiambia posho ya wiki iliyopita ilifika, na siku za tahadhari zipo. Nimejiambia hivyo mara nyingi leo.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 14

Reli imekatwa na maji upande wa Ruvu. Mahindi yetu yote hutoka bara kwa treni. Kinu kina mahindi kidogo, na baada ya hayo hakuna.

Jumatano, Aprili 16

Nisipoandika leo nitaumwa kichwa.

Asubuhi Meneja alituita, Bwana Hollis na mimi. Akasema unga uliopo hautoshi makambi yote, kwa hiyo ugawiwe kwa hesabu na si kwa huruma, na hesabu ifuate kanuni ile ile ya mpango: kila gunia la unga liende pale litakaporudisha mali nyingi zaidi. Bwana Hollis alitaka kusema kitu, akakohoa, Meneja akaendelea.

Tukakaa mezani. Yeye anapanga, mimi nafanya kuzidisha na kujumlisha. Pugu ni karibu, barabara inapitika, udongo unatoka: inapata. Mkonge unasubiriwa na meli: unapata. Vibarua wa kinu na sabuni wapo hapa hapa: wanapata. Nikafika kwenye Bunju. Chokaa ya Bunju haiwezi kutoka, daraja halipo. Gunia linalokwenda Bunju halirudishi kitu. Nilirudia hesabu, nikidhani nimekosea. Nikairudia tena. Kila mara Bunju ilipata sifuri.

Bwana Hollis aliitazama karatasi. Kisha akasema niipige mashine.

Nikaipiga. Vidole vyangu hivi hivi vilipiga jina la Bunju mwisho wa ukurasa, na mbele yake sifuri. Kule kuna watu wanaozidi mia mbili, wote wametoka bara. Hawana mashamba. Wazaramo wa jirani wenyewe wanangoja mahindi yakomae, huu ndio msimu wao wa njaa. Kule yupo Tekla na Gaspar na mtoto.

Nilitoka na karatasi, nikaiweka juu ya meza ya Meneja, nikarudi kukaa. Nilikuwa nangoja nini?

Alhamisi, Aprili 17

Bi Mwamvita ameniona sijagusa chakula. Nilipomsimulia, aliuliza swali moja, kama hiyo hesabu imetengenezwa na mtu au imeshuka kutoka mbinguni. Nikamjibu imetengenezwa na watu. Akasema, "Basi si uwarudie hao watu, mwanangu?"

Nikaenda. Nilimkuta Bwana Hollis peke yake akichezea kalamu. Nikamwambia dada yangu yupo Bunju.

Aliweka kalamu chini. "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ungeibadilisha hesabu?"

Uso wake ulikuwa mwekundu. Akasema hapana, jana asingeibadilisha, na hilo ndilo linalomtisha.

Kisha akaanza kuongea, nusu kwangu, nusu peke yake. Vitani, alisema, meli ikizama nyingine inakuja nyuma yake, na mtu aliye ofisini hujifunza kuhesabu zilizofika. Wastani unatosha kwa meli nyingi. Lakini Bunju ni kambi moja yenye barabara moja, na kuchelewa kwa wastani hakumwambii mtu lolote kuhusu siku barabara itakapokatika kabisa. Siku za tahadhari alizoziweka zilikuwa za matope. Hazikuwa za mafuriko.

Nilimchukia alipokuwa akisema. Nilimchukia kwa sababu alikuwa anasema kweli na alikuwa amechelewa, na kwa sababu mimi pia nilipiga makofi Machi.

Tukaichukua karatasi mpya. Safari hii hatukuuliza gunia litarudisha mali kiasi gani. Tuliuliza kila kambi itakaa muda gani kabla watu hawajakosa kabisa, na unga ugawiwe ili ile iliyo hatarini zaidi isifike huko. Mahindi yale yale, makambi yale yale. Bunju ikatoka ya kwanza. Pugu na mkonge walipunguziwa, lakini hakuna aliyekosa.

Meneja aliisoma akiwa amesimama. Akasema ni karatasi nzuri, ila hata akiikubali, unga utapitaje pasipo daraja? Akairudisha.

Ijumaa, Aprili 18

Mvua. Watu wa Bunju leo wanakula akiba ya mwisho, kama wamekula kwa kubana.

Jumamosi, Aprili 19

Nilikwenda na Marijani mpaka mtoni. Hakuombwa. Nilimkuta langoni ameshaliwasha lori, akasema anakwenda kujaribu breki, na kama nina safari ya upande huo nipande.

Pale Tegeta barabara inafika ukingoni na kuishia hewani. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita na matawi na kuku waliokufa. Ng'ambo tuliwaona watu, wachache, wameketi kwenye matope wakitazama upande wetu. Mmoja alisimama. Nilimtambua kwa kofia yake. Ni Gaspar. Nyuma yake, juu kidogo barabarani, lilisimama lori letu la pili.

Tulipiga kelele, upepo ukachukua maneno. Tuliyopata ni haya: unga umekwisha. Wawili walijaribu kuvuka juzi, mmoja hakuonekana tena. Watu wananunua muhogo vijijini kwa nguo zao. Nikauliza kuhusu Tekla. Akapunga mkono, sikuelewa ana maana gani.

Marijani alikuwa amechuchumaa anaongea na mvuvi mmoja wa pale. Wakati wa kurudi hakufanya mzaha. Alinieleza kuwa mto ule uko karibu na bahari, na bahari ndiyo inayouzuia usimwagike. Maji ya bahari yakijaa, mto unavimba. Yakipwa, mto unashuka. Wiki ijayo ni bamvua, maji yatapwa mbali kuliko kawaida, na mvuvi anadhani kwa muda wa asubuhi mtu mzima anaweza kusimama katikati, maji yakimfika kifuani.

Jumapili, Aprili 20

Misa ilinipita masikioni. Mchana nilichora viduara vyangu mwenyewe. Kwenye mchoro wa Bwana Hollis kulikuwa na mstari mmoja kutoka kinu hadi Bunju, na daraja lilipokwenda tuliufuta wote, kana kwamba barabara yenyewe imezama. Lakini iliyozama ni hatua chache tu. Upande huu kuna barabara na lori la Marijani. Upande ule kuna barabara na lori ambalo sisi, katika hesabu zetu, tuliliandika kuwa limepotea. Nikaweka kiduara kipya pale mtoni. Mstari mmoja ukawa miwili.

Sijui kwa nini sikuliona hilo Ijumaa Kuu. Nilikuwa nikitazama karatasi.

Jumatatu, Aprili 21

Bwana Hollis aliutazama mchoro wangu kidogo tu, akachukua kofia yake. Tukaenda kwa Meneja. Nitafupisha, maana ukali wake haufai kuandikwa. Alisema kuwalipa watu wabebe unga majini ni wazimu, unga ukilowa ni hasara, mtu akifa ni kesi, na kwa nini apeleke posho kwa tanuri zilizozimika. Akaamuru nisiandike hati ya kutoa lori.

Tulipotoka, Bwana Hollis alikaa mezani kwangu, akavuta hati za kutolea mzigo, akaiandika mwenyewe na kutia sahihi yake. Nikamwambia hana mamlaka hayo. Akasema anajua. Akaniuliza kama Marijani anajua kuwa anaweza kufukuzwa. Nikaenda kumuuliza.

"Karani," Marijani aliniambia, "mie nilivuka daraja lile nikaliacha lori la mwenzangu nyuma. Usiniulize tena."

Tumefungua magunia jioni hii, tukagawa unga kwenye vifuko vidogo vinavyobebeka kichwani, wanawake wa Temeke wakishona midomo yake. Bi Mwamvita aliwaita majirani zake wote.

Alhamisi, Aprili 24, Tegeta

Naandika nikiwa juu ya lori. Kalamu imelowa.

Juzi, siku ya kwanza, tulifika maji yakiwa bado juu. Tulikaa. Kisha yakaanza kushuka, taratibu, mpaka ukingo wa mchanga ukatokeza. Yule mvuvi aliingia na kamba, akaifikisha ng'ambo, Gaspar na wenzake wakaifunga kwenye mti. Wavuvi wa Kunduchi na wakulima wa Tegeta walishika kamba wakasimama mstari kuvuka mto, na watu wa tanuri wakaingia kutoka upande wao. Vifuko vilipita kichwa hadi kichwa. Kimoja kilianguka, maji yakakichukua, na wote tukakitazama kikienda. Mmoja wa watu wa tanuri alikuwa mdhaifu hata akashindwa kuinua mikono, wakamtoa. Maji yalipoanza kurudi tukaacha. Jana tumefanya hivyo tena. Leo tena.

Siku ya kwanza, mstari ulipokuwa umeshika, nilivua viatu nikaingia majini. Nilitaka kufika kwa Gaspar. Tulikutana karibu na katikati, yeye akipokea mfuko kutoka kwangu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikamuuliza kuhusu nyumbani.

Aliupitisha kwanza ule mfuko kwa mtu wa nyuma yake. Ndipo akasema, "Shemeji, Demetria tumemzika jana."

Nilipewa mfuko mwingine kutoka nyuma. Nikampa. Watu walikuwa wamesimama kwenye maji, wasingeweza kungoja. Kwa hiyo nilisikia habari yote hivyo, kati ya mfuko na mfuko. Unga ulipokwisha Tekla alitoa kanga yake ya harusi akapata muhogo. Sisi kwetu Bukoba tumekulia ndizi. Hakujua kuwa ulikuwa muhogo mchungu, unaopaswa kulowekwa siku kadhaa na kuanikwa ili sumu itoke. Aliupika jioni ile ile kwa kuwa mtoto alikuwa analia. Wao wawili walimwachia mtoto sehemu kubwa. Ndiyo maana wao walitapika tu.

Jana yake. Jana yake mimi nilikuwa ofisini nabishana kuhusu hati.

Ijumaa, Aprili 25

Umefika unga wa kutosha wiki mbili. Sijaweza kuvuka kumwona Tekla. Kusema kweli, Gaspar alisema nisivuke. Alisema, "Mwache kwanza."

Jumamosi, Aprili 26

Nimelala mchana kutwa. Homa.

Jumatano, Aprili 30

Bwana Hollis amefukuzwa. Marijani amesamehewa kwa sababu wenzake waliegesha malori uani na kukaa juu ya boneti mpaka Meneja akasema yaishe. Mimi sikuguswa. Meneja amesema mimi nilitii, sikuandika hati. Ni kweli. Neno hilo linanichoma zaidi ya matusi.

Bwana Hollis alikuja kuniaga na kikohozi chake. Kwa wiki mbili nimekuwa nikimchukia, na leo nilitafuta chuki hiyo sikuiona. Nilimwona mtu aliyechoka, mwenye soksi zisizofanana. Aliniuliza jina la mtoto. Nikamwambia. Akalitamka vibaya, nikamrekebisha, akalitamka tena mpaka likawa sawa. Hakuomba msamaha, na nilishukuru, kwa sababu nisingejua la kumjibu. Aliniachia kalamu na karatasi zake zote za mchoro, akaniambia Meneja ataniita, maana hakuna mwingine anayejua kuuendesha mpango.

Jumatatu, Mei 5

Ameniita kweli. Cheo cha mpangaji, chumba changu, dirisha. Nikamwambia nipe muda.

Jumapili, Mei 11

Mvua imepungua. Reli imeungwa. Wanajenga daraja la magogo Tegeta.

Jumapili, Mei 18, Bunju

Barabara imefunguliwa, nimekuja na lori la kwanza. Marijani alinishusha kambini akaenda kuegesha mbali, nadhani kwa makusudi.

Tanuri zimewashwa tena, moshi mweupe unatambaa juu ya nyumba za vibarua. Gaspar alinipeleka kaburini, juu ya kilima cha mawe ya chokaa. Alikuwa amelizungushia mawe meupe. Nilipiga magoti, sala haikuja. Kisha tukashuka nyumbani kwao.

Tekla alikuwa jikoni nje, anasonga ugali. Amekonda, shingo imekuwa kama ya mwanamke mzee. Aliitikia salamu yangu bila kugeuka. Nikakaa kwenye kigoda. Gaspar akaondoka.

Alipoepua sufuria ndipo akaniuliza. "Kaka, Gaspar anasema kule mjini mlifanya hesabu ya unga. Nani apate, nani asipate. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilizidisha na kujumlisha. Na niliipiga mashine."

"Sisi mlituweka wapi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani kote, kuhusu kanuni, kuhusu Meneja, kuhusu hesabu ya pili tulipowaweka wa kwanza. Yote yalikuwa kweli. Nikasema, "Mwisho."

Akaendelea kutazama moto. Alisema kwamba alipokuwa akimenya ule muhogo alijiambia, "Kaka yangu ndiye mwenye malori, hawezi kukawia, huu ni wa leo tu." Alisema hivyo bila kulia na bila kunilaumu. Ilikuwa kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka kitu.

Nikamwambia wananitaka nishike kazi ya Bwana Hollis. Nikamwambia nitaikataa. Siwezi tena kushika kalamu juu ya chakula cha watu. Nitaacha kampuni, nitarudi Bukoba, nikafundishe shule ya misheni.

Hapo ndipo aligeuka kunitazama kwa mara ya kwanza. "Utamwachia nani?"

"Yeyote."

"Huyo yeyote anamjua nani huku?" Alipangusa mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Anamjua Gaspar? Atajua kuwa nyumba ya tatu ina mtoto aliyezaliwa juzi? Wewe unajua. Umeliona kaburi. Kaa hapo hapo kwenye hiyo meza, na kila unapoandika Bunju, ujue unaandika nini."

"Nianze na nini?"

"Bohari ifunguliwe."

"Meneja atasema unga utaoza."

"Uoze," alisema. "Tutaula hivyo hivyo, na fukusi wake."

Nikamwahidi. Nikamwambia sitatia sahihi mpango wowote ambao bohari ya Bunju haimo, wanifukuze wakitaka. Hakunishukuru. Alimega ugali, akauweka kwenye sahani na mboga ya kisamvu, akaisogeza mbele yangu, akakaa mkabala nami mikono ikiwa mapajani.

Sikuweza kupeleka mkono. Ule ni unga wetu, niliujua kwa rangi yake, na kisamvu kile ni majani ya muhogo.

"Sijakusamehe," Tekla alisema. "Kula."

Nikala. Hakuondoa macho yake kwangu mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akaichukua, akaniongezea.